Nguzo za Shamba la Chakula Zisitiwe Sumu

Barua ya wazi kwa wasimamizi wa wilaya za Kasongo na Kabambare, kwa masultani na wakuu wa sekta, kwa maagronomu, na kwa mashirika yote yanayosaidia wakulima wa Maniema ya kusini

Waheshimiwa, wazee wetu na ndugu zetu,



Ninawaandikia juu ya nguzo za mashamba. Ninajua kwamba mezani penu kuna mambo mazito: usalama, barabara zinazokatika mvua ikinyesha, shule, hospitali. Lakini katika nchi yetu hii ya mito ya Lualaba na Luama hakuna mkulima asiyehitaji nguzo. Anazihitaji kuzungushia bustani ya mboga ili mbuzi wasiingie. Anazihitaji kwa kibanda cha mifugo, kwa ghala la mpunga, kwa kitalu cha miche, kwa chanja ya kuanikia mihogo. Anakwenda porini, anakata mti ulio karibu, anausimika. Misimu miwili ya mvua ikipita, mchwa wameumaliza na ua umelala chini. Anarudi porini kukata tena. Akichoka kurudi, anatafuta kitu cha kupaka ili mchwa wakimbie: mafuta machafu yaliyotolewa kwenye moteri ya kinu au ya pikipiki, au dawa ya wadudu aliyoinunua sokoni bila maelezo. Hapo shida ya nguzo inakuwa shida ya chakula.

Neno langu kwenu ni hili. Nguzo inayosimama katika shamba la chakula iwe kiini cha mti mgumu, isitiwe sumu yoyote, na ninyi mlio na mamlaka mtuwekee utaratibu wa kuipata leo na wa kuipanda kwa ajili ya watoto wetu.

Nianze na kile tulicho nacho. Wakulima wengi wa Kasongo na Kabambare hawatumii mbolea ya kiwandani wala dawa za dukani kwa mazao yao. Wengine watasema ni umaskini na ubovu wa barabara. Iwe hivyo, lakini matokeo yake ni ardhi safi, na watu wa nchi nyingine wanatumia miaka na fedha nyingi kuirudisha ardhi yao katika hali kama hiyo. Mpunga ambao Waswahili wa pwani waliuleta kwetu katika karne ya 19, mihogo, karanga, mawese, ndizi: vyote tunavilima kwa namna ambayo kwingineko inaitwa kilimo hai, na mazao yake yanauzwa kwa bei ya juu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama ya Kilimohai inajulikana Kenya, Uganda na Tanzania. Siku soko hilo litakapotufungukia, mkaguzi hataishia kuuliza mbegu na mbolea. Atataka kujua ni kitu gani kimegusa udongo. Kanuni za kilimo hai za Marekani, kwa mfano, zinakataza waziwazi kusimika nguzo mpya zilizotiwa arseniki, au dawa nyingine iliyopigwa marufuku, mahali zinapogusa udongo au mifugo. Huko Ulaya wakulima wa zabibu wanaofuata kilimo hai wanasimika nguzo za robinia, mti wenye asili ya Amerika ya Kaskazini ambao kiini chake kinavumilia ardhini miaka mingi bila dawa. Basi hata katika nchi zenye viwanda vya dawa wako waliorudi kwenye mti wenyewe.

Nguzo zilizotiwa dawa zinatambulikana. Ile yenye rangi ya kijani hafifu, inayouzwa sana Kenya, Uganda na Tanzania kwa ajili ya ua na nyaya za umeme, kwa kawaida ni mkaratusi ulioshindiliwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Mchanganyiko huo ulibuniwa na Mhindi, Sonti Kamesan, mwaka 1933, na ni kweli unazuia mchwa. Kwa waya wa umeme kando ya barabara una kazi yake. Lakini arseniki haibaki yote ndani ya mti. Mvua inaiosha kidogo kidogo, nayo inashikwa na udongo ulio karibu na nguzo, mahali pale pale mama anapopanda lengalenga na matembele. Nchini Marekani viwanda viliacha kutengeneza mbao za namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, na Ulaya ikaibana dawa hiyo miaka hiyo hiyo. Nguzo nyingine ni nyeusi na inanuka lami. Hiyo imetiwa kreosoti, mafuta yanayotokana na makaa ya mawe, nayo haifai kugusa chakula wala ngozi ya mtu.

Kuna jambo ambalo sheria za nchi tajiri hazikulazimika kulipima sana, na sisi lazima tulipime. Kwetu nguzo haifii shambani, inafia jikoni. Hakuna mama wa Kasongo atakayeona mti mkavu umeanguka auache hapo, na yeye anatafuta kuni za kupikia sombe. Nguzo iliyotiwa arseniki ikichomwa, sehemu ya sumu inatoka na moshi, na sehemu kubwa inabaki katika majivu. Moshi huo unavutwa na mama na mtoto aliye mgongoni. Majivu hayo tunayamwaga bustanini, tunayachanganya na mbegu za maharage ili zisibunguliwe, na wako wanaoyachuja wapate chumvi ya kupikia. Hata kama aliyeleta nguzo alitoa onyo, miaka 10 baadaye hakuna atakayekumbuka kipande hicho cha mti kilitoka wapi. Kwa hiyo kwetu sumu ya nguzo inafika tumboni kwa njia mbili: kupitia udongo na kupitia moto.

Mafuta machafu ya moteri nayo si suluhisho. Yamebeba chembe za madini na masizi, na baadhi ya vitu vilivyomo ndani yake vinajulikana kuleta saratani. Yakipakwa kwa brashi yanashika ngozi ya mti tu, ndani hayaingii. Mvua inayashusha kwenye udongo, mchwa wanapita chini ambako hayakufika, na mkulima anabaki na shamba lililochafuka na nguzo iliyooza vile vile.

Sasa tuangalie miti yetu. Maniema ya kusini ni mahali ambapo msitu mkubwa unakutana na savana, na misitu ya kando ya mito inaingia katikati ya nyasi. Tumepata miti ya pande zote mbili. Tunao mvule, ambao wafanyabiashara wa mbao wa Kongo wanauita kambala. Iko miti ya jamii ya mkongo, ambayo kitaalamu inaitwa Afzelia. Upo mwavi, mti wenye kiini kigumu mno. Iko miti ya jamii ya mninga na mukula, yenye kiini chekundu. Wataalamu wa Ulaya wanaipanga miti katika madaraja 5 kwa kuangalia kiini chake kinavumilia muda gani ardhini bila dawa: daraja la 1 linazidi miaka 25 na daraja la 5 halifiki miaka 5. Miti ya Afzelia na mwavi iko daraja la 1, na mvule uko kati ya la 1 na la 2. Vipimo hivyo vilifanywa katika nchi za baridi. Kwetu joto, mvua na mchwa vinaipunguza miaka hiyo, lakini mpangilio wa nani mbele na nani nyuma unabaki kutusaidia. Parasolie, mti unaoota upesi katika mashamba yaliyopumzishwa na unaokatwa kwa urahisi, uko daraja la mwisho. Mianzi ikizikwa mbichi haidumu. Mkaratusi mchanga usiotiwa dawa ni chakula cha mchwa.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Kinachodumu ni kiini, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Wakati mti unazeeka, unajaza kiini chake vitu vinavyowachukiza kuvu na wadudu. Sehemu nyeupe ya nje, ile inayopitisha maji, haina ulinzi huo, na hilo ni kweli kwa kila mti duniani. Weupe wa mvule unaoza upesi sawa na parasolie. Sasa mtu akikata mvule mchanga unene wa mkono, karibu wote ni weupe. Anausimika, unaoza, anasema mvule wa siku hizi si kama wa zamani. Kumbe hakusimika mvule uliokomaa. Tena amepoteza mara mbili, kwa sababu mti ule ungeachwa ungekuwa na kiini cha nguzo nyingi baadaye. Mwenye kuchagua nguzo asiulize jina la mti peke yake. Aangalie ncha iliyokatwa, apime kiini kina upana gani, na pale nguzo itakapotoka ardhini kiini kisipungue sentimita 8.

Nguzo iliyo bora haitoki kwenye mti mwembamba uliosimama. Inatoka kwenye gogo lililokomaa likapasuliwa kwa kabari na nyundo, kwa sababu kupasua kunafuata nyuzi za mti, na maji hayapati mahali pa kupenya kama kwenye mti uliokatwa kwa msumeno. Na magogo hayo tayari yamelala porini. Wapasua mbao wanaotumia msumeno wa injini wanachukua mbao zilizonyooka, na zaidi ya nusu ya mti inabaki: matawi makubwa, panda, vipande vya shina vilivyopinda. Ndani yake kuna kiini cha kutosha kwa nguzo za ua. Leo vinaoza au vinachomwa makala. Hii ndiyo nguzo tunayoweza kuipata mwaka huu bila kuangusha mti hata mmoja zaidi.

Namna ya kuisimika nayo ina uzito wake. Mti hauozi pasipo unyevu na hewa pamoja. Ndani sana ardhini hewa ni kidogo, na juu mti unakauka. Ndiyo maana nguzo inavunjikia shingoni, pale inapotoka ardhini. Gamba liondolewe lote, kwa sababu linashika maji na kuficha wadudu. Nguzo ikatwe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ipangwe kivulini juu ya vijiti ili hewa ipite, na ikauke kwanza. Nguzo ya mita 2 izikwe sentimita 60 hivi, na chini ya shimo pawekwe changarawe ili maji yapenye yaende zake. Udongo ushindiliwe na uinuliwe kidogo kuizunguka, maji yasituame. Kichwa kikatwe mshazari ili mvua iteleze. Majani na takataka zisirundikwe shingoni mwake. Wazee wetu wengi wanaunguza ncha kwa moto kabla ya kuizika. Moto huo unaondoa weupe wa juu, lakini haugeuzi mti laini kuwa mgumu, na ukizidi unaleta nyufa. Usichukuliwe kuwa badala ya kiini.

Kuhusu mwavi nitoe tahadhari. Kutotiwa dawa hakumaanishi kwamba kila mti hauna madhara. Gamba la mwavi ni sumu inayoua, na historia ya watu wetu inalijua hilo vizuri mno. Anayetumia mwavi alimenye gamba porini, mbali na mifugo na mbali na kisima, asilirudishe nyumbani kama kuni, na ajifunike pua anapokata, maana vumbi lake linaumiza.

Sasa hesabu. Tuchukue bustani ya mraba yenye upande wa mita 50. Mzunguko wake ni mita 200. Nguzo zikisimikwa kila baada ya mita 2, zinahitajika 100. Zikioza kila baada ya miaka 2, katika miaka 10 mkulima atakuwa amekata miti 500 kwa bustani moja. Tubadilishe utaratibu. Nguzo za kiini zisimame kila baada ya mita 10, yaani nguzo 20. Kati ya nguzo na nguzo pandwe vijiti 4 vinavyochipuka, jumla 80: mbono, mlonge au glirisidia. Nguzo za kiini zinabeba uzito wa ua, na vijiti vinaota mizizi na kuziba nafasi. Mti ulio hai hauliwi na mchwa kama mti uliokufa. Majani ya glirisidia yanarutubisha udongo na mbuzi wanayala yakikatwa. Mbono mbuzi hawaugusi, lakini mbegu zake ni sumu kwa watoto, kwa hiyo usipandwe uani ambako wanacheza. Kwa utaratibu huu mkulima anatoa porini nguzo 20 za kudumu, na nyingine anaziotesha mwenyewe.

Nguzo 20 kwa kila bustani bado ni nyingi tukihesabu vijiji vyote. Pwani walikotoka waliotuletea mpunga na lugha hii kuna funzo la kuzingatia. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikatwa Lamu na katika delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini hadi Uarabuni, na paa za nyumba za mawe zikakaa juu yake bila tone la dawa. Zilipangwa kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake na kazi yake. Ujuzi haukukosekana. Lakini kukata kukazidi kuota, hata Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982. Mti mzuri unaotumiwa bila kupandwa unakwisha, hata kama wanaoutumia wanaujua vizuri. Duniani kote dalili hiyo inaonekana: mwaka 2022 nchi zilizokutana Panama katika mkutano wa mkataba wa CITES ziliweka miti ya Afrika ya jamii za Afzelia na Pterocarpus, ndiyo mkongo na mninga, chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa. Sheria hiyo haimkatazi mkulima wa Kabambare kupata nguzo ya bustani yake. Inatuambia tu kwamba miti hiyo si ya kuchezea. Nasi tunaitaka kwa milango na vitanda, na wachimbaji wa madini wanataka miti ya kuzuia udongo wa mashimo usiwaangukie. Mkulima anafika mwisho wa foleni, wakati miti migumu imekwisha na imebaki laini.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninaleta maombi matano.

La kwanza linahusu mashirika na wafadhili. Kila mradi unaogawa nguzo, waya au vitalu uandike katika mkataba wake kwamba nguzo zilizotiwa dawa, zilizopakwa mafuta ya moteri, na nguzo za zamani za umeme au simu hazitasimikwa katika shamba la chakula, bustani wala zizi. Wasimamizi wa wilaya wadai sharti hilo kabla ya kutia sahihi. Halina gharama.

La pili linahusu maagronomu na walimu. Kila sekta ifanye jaribio la vijiti. Wataalamu wanazika vijiti vya sentimita 50 hadi nusu, kisha kila mwaka wanaving'oa, wanavichoma kwa kisu na kuandika hali yake. Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo karibu na kichuguu, vijiti 10 vya kila mti, vya kiini kitupu, vyenye unene sawa. Wanafunzi waandike matokeo daftarini. Majina ya miti yaandikwe kwa lugha za hapa pamoja na Kiswahili, na pale mti usipojulikana vizuri, jani na kipande cha mbao vipelekwe kwa watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, huko Yangambi, ambako kuna mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa. Baada ya miaka 5 tutakuwa na orodha yetu wenyewe, iliyopimwa katika udongo wetu na kwa mchwa wetu.

La tatu ni miche. Vitalu vinavyogawa miti ya kuni na ya matunda viongeze miti ya nguzo. Mjohoro, uliotoka Asia na kuzoea Afrika yote ya joto, unaota upesi, ukikatwa unachipuka, na kiini chake cheusi kinawasumbua mchwa. Msambya wa Uganda, ambao unaota pia mashariki mwa Kongo, unapandwa katika mashamba ya Waganda kwa ajili ya nguzo na miti ya kujengea. Mvule upandwe, lakini usipandwe peke yake kwa wingi. Kuna mdudu mdogo anayetia vinundu katika majani machanga na kuua ncha ya mche, naye anashamiri pale mivule ilipopangwa pamoja juani. Mche mmoja hapa na mwingine kule, katikati ya migomba na miti mingine, una nafasi ya kufika utu uzima.

La nne ni kwenu masultani wetu, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwa desturi yetu, kupanda mti wa kudumu ni kama kudai ardhi. Ndiyo maana mwenye kuazima shamba anakatazwa kupanda, na mama anayelima ardhi ya mume au ya shemeji anaogopa kupanda. Wao ndio wengi, na wao ndio wanaozungushia bustani. Tunaomba mtenganishe mti na ardhi. Baraza la kijiji liandike kwamba fulani amepanda miti ya nguzo mpakani, miti ni yake na wanawe, ardhi inabaki ya mwenyewe. Karatasi moja yenye mashahidi na muhuri wa sultani itapandisha miti mingi kuliko mradi wowote. Dini zetu zinatufundisha kwamba kupanda mti ni sadaka. Sadaka hiyo isizuiliwe na hofu ya kesi.

La tano ni msitu wenyewe. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inaipa jamii haki ya kuomba msitu inaoumiliki kwa desturi, na dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza njia yake: hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Sekta zetu ziitumie haki hiyo. Ndani ya msitu wa jamii ziwekwe kanuni chache zinazoeleweka: mivule na mikongo michanga isiguswe, kila anayepasua mbao aache matawi na vipande vya kiini kwa wakulima wa kijiji, miti mikubwa michache ibakizwe itoe mbegu. Wapasua mbao wasichukuliwe kama maadui. Wakubaliane na kijiji kabla ya mti kuanguka, nao watapata njia ya amani.

Na ninyi wakulima wenzangu, baba, mama na vijana, msingoje majibu ya barua hii ndipo muanze. Leo hii mnaweza kuacha kupaka mafuta ya moteri. Mnaweza kuangalia kiini kabla ya kununua nguzo, kumenya gamba, na kupanda miche mpakani kwa makubaliano na mwenye ardhi.

Waheshimiwa, mvua zinaanza Septemba, na kabla ya hapo ni wakati wa kukata na kukausha. Tunaomba kila baraza la sekta likae kiangazi hiki, liamue mambo haya matano, na uamuzi wake usomwe sokoni, msikitini na kanisani ili kila mkulima ausikie. Ardhi yetu bado ni safi, na kuilinda iendelee kuwa safi ni kazi yenu na yetu.

Wenu katika ujenzi wa nchi,

Mkulima wa Kasongo